Dereva Mwenye Wafanyakazi Arobaini

Jumatatu, 3 Machi
Msimu umefunguliwa leo. Mvua asubuhi, jua mchana. Yameingia malori mawili ya maparachichi, mengi hayajakomaa. Wakulima wana haraka kuliko miti yao.

Mjomba alituita ofisini, mimi na fundi wa mitambo, kutujulisha kwamba mwaka huu kiwanda kitaendeshwa kitaalamu. Mjomba akilitamka neno hilo, ujue kuna mtu atanyimwa kitu. Pembeni yake alikaa mkwe wake, mwanasheria aliyemwoa binamu yangu Desemba, mwenye miwani isiyo na fremu na kalamu anayoibofya kila anapomaliza sentensi, kana kwamba anatupigia muhuri.

Mkwe alieleza. Miaka yote vibarua wa msimu tumewachukua getini. Lakini kibarua ukimpangia saa ya kuingia na ya kutoka, ukimvisha aproni yako, ukamwambia fanya hivi na acha vile, sheria inaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wako hata kama hukumwandikia chochote. Hapo zinakuja likizo, uzazi, michango ya uzeeni, na matibabu akiumia kazini. "Hiyo ndiyo hatari," alisema, akabofya. "Sasa fursa." Fursa ni kwamba vibarua wote arobaini wawe wa wakala, kiwanda kimlipe wakala, basi. Lolote likitokea, ni la wakala.

"Wakala gani huyo?" fundi aliuliza.

Mjomba alionyesha dirishani. Nje, dereva wake alikuwa anafuta vioo vya gari.

Jumanne, 4 Machi
Dereva alinifuata kwenye mizani.

"Dada, eti mimi ni mkurugenzi?"

"Ndivyo walivyokusajili."

"Na gari nitaendelea kuendesha?"

"Utaendelea."

"Basi sawa." Akatulia kabisa. Ni mtu wa kuuliza njia hata ya kurudi kwao. Miaka yote anaendesha gari la Mjomba na leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akiuliza jambo kuhusu nafsi yake, na jambo lenyewe ni gari.

Ijumaa, 7 Machi
Utaratibu mpya umeanza. Mimi ni msimamizi wa mstari wa kuchambua na kupaki, lakini Mkwe amenikataza kusema na vibarua. Nikitaka waongeze kasi, nimwambie Dereva, yeye ndiye awaambie. Wanawake hao wako hatua moja kutoka nilipo. Kwa hiyo leo nilimwambia Dereva, "Waambie madogo yaende mkanda wa pili," naye akageuka, akawaambia, "Dada anasema madogo yaende mkanda wa pili."

Mkwe, aliyekuwa anatazama, alishika kichwa. "Usiseme 'dada anasema'. Sema wewe."

"Mimi sijui madogo yanakwenda wapi," Dereva alijibu.

Jumatano, 12 Machi
Malori sita. Utaratibu mpya umedumu hadi saa tatu asubuhi. Mashine zikiwashwa zote, brashi za kusugulia, feni za kukausha, mkanda, hata ukimpigia mtu kelele sikioni anakuona tu unavyofungua mdomo. Ndiyo maana tangu msimu wa kwanza mimi huamuru kwa mikono. Kiganja chini, punguzeni. Vidole viwili, madogo kando. Ngumi juu, na mtu wa swichi aliye mwisho wa mstari anazima kila kitu. Vibarua wananiita Trafiki. Wanadhani sijui.

Dereva alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna aliyegeuka. Nikainua kiganja, mstari ukapungua.

Nilimwuliza Mkwe kama hilo linavunja utaratibu wake. Alifikiri, akabofya. "Hapana. Ishara si amri ya mdomo wala ya maandishi. Tena ni bora zaidi, haiachi ushahidi." Alifurahi sana. Alisema ataliandikia makala.

Jumatano, 19 Machi
Mvua. Malori manne.

Ijumaa, 28 Machi
Mjomba amewapa vibarua aproni za kijani zenye jina la kiwanda mgongoni, kwa sababu wanunuzi wa nje watapiga picha. Mkwe alipoziona alibadilika rangi. Ikaamriwa jina lifunikwe kwa utepe wa gundi. Ule ulioko stoo ni mweupe wa kufungia maboksi, nao umeandikwa jina la kiwanda toka mwanzo hadi mwisho.

Vibarua walicheka siku nzima, hasa yule mwembamba anayesimama karibu na roli kubwa, gogo la chuma linalozungusha brashi, anayeitwa Kicheko. Sipendi kelele yake. Watu hawa wanacheka kila jambo linalowahusu, halafu mwisho wa msimu wanashangaa.

Alhamisi, 10 Aprili
Malori tisa, rekodi ya msimu. Mjomba anataka brashi zisafishwe kwa dakika chache, si nusu saa. Fundi akaondoa kifuniko cha chuma kinachokinga roli kubwa, kwa kuwa kukifungua na kukifunga kunakula muda. Nilimwambia Mjomba kifuniko hakijarudi.

"Kitarudi Ijumaa."

"Ijumaa ni kesho."

"Ijumaa nyingine basi. Mpwa wangu, unahesabu siku kama mdai."

Jumanne, 15 Aprili
Naandika kwa mpangilio, kwa kuwa nitaulizwa.

Asubuhi tulivu, matunda mazuri. Dereva alikuwepo kwenye mstari hadi saa nne, kisha akapigiwa simu na kuondoka. Saa tano hivi maparachichi yalianza kulundikana kwenye roli kubwa. Nilimwonyesha Kicheko kwa kidole, nikaonyesha roli, nikafanya mkono wa kufagia: nenda uyasukume. Alikwenda. Alipoinamia roli ule utepe mweupe wa mgongoni ukabanduka, ukaning'inia ubavuni, naye akaushika kwa mkono usiingie kwenye roli. Roli likaupata utepe, na mkono ukafuata.

Niliinua ngumi. Mtu wa swichi alizima kabla sijamaliza kuinyoosha. Fundi anasema kidogo tu baadaye mkono mzima ungekwenda. Vilivyokwenda ni vidole viwili, cha pete na kidogo, mkono wa kushoto.

Hakupiga kelele. Yeye, wa kupiga kelele kwa utepe wa gundi, alikaa chini na kutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Mashine zilikuwa zimenyamaza, kwa hiyo kila mtu alisikia aliponiuliza, "Trafiki, ulisema nisukume, siyo?"

"Ndiyo. Nilisema mimi."

Nilimpigia simu Dereva. Alikuwa amempeleka Mjomba kunyoa ndevu. Nilimwambia kilichotokea. Nikadhani simu imekatika, kumbe tayari anawasha gari. Alifika mapema kuliko nilivyotarajia, akamlaza Kicheko kiti cha nyuma, akaondoka naye pamoja na dada mmoja wa kumshikilia.

Mjomba alirudi kiwandani kwa pikipiki ya kukodi. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, jingine bado lina povu lililokauka. Alisimama uani, akauliza gari lake liko wapi. Nikamwambia. Akauliza kama kiti kimefunikwa kitu.

Jumatano, 16 Aprili
Kifuniko cha roli kimerudishwa.

Jumamosi, 19 Aprili
Hospitali inataka kujua nani analipa. Mjomba anasema wakala. Wakala ni Dereva, anayeishi chumba kimoja na mke, watoto watatu na mama mkwe. Mkwe amemweleza kwamba yeye kama mwajiri ndiye mwenye dhima ya kisheria.

"Dhima ndiyo nini, mwanasheria?"

"Maana yake ni lako."

"Vidole ni vyangu?"

"Jukumu ni lako."

Dereva aligeuza ufunguo wa gari kidoleni. "Basi nikienda kumwona Kicheko leo natumia gari la bosi au langu? Maana mwajiri amesimama hapa hana hata baiskeli."

Mkwe aliniambia baadaye kwamba watu wa namna ile hawaelewi mambo. Nilikuwa nafikiri kwamba kwa muda wote niliomjua Dereva nilichukulia ukimya wake kuwa utupu. Sasa naona ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza kitu kinachostahili jibu.

Jumapili, 27 Aprili
Kicheko amefungua malalamiko ofisi ya kazi. Mama amepata habari kwa kaka yake kabla sijafika mezani.

"Mtakuja kuulizwa," alisema, "na wewe utasema msimamizi ni yule dereva."

"Si yeye, Mama."

"Nimekuuliza ni nani? Nimekwambia utakachosema. Mjomba wako alikusomesha."

"Najua. Ananisomea ada yangu kila akija kula."

"Na leo unakula wapi? Mshahara wako unatoka wapi? Wewe ni wa kudumu, mwanangu. Wale watu mwezi wa saba hawapo. Utaiharibu nyumba kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake la ukoo hulijui?"

Nililitaja jina lake la ukoo. Nililipata hospitalini juzi, nilipokwenda na sabuni na shuka. Mama aliondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Siku hiyo hospitalini Kicheko alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kama mpira wa matambara. Nilitaka kusema pole, nikajikuta nasema shuka iko hapa.

"Kaa, Trafiki. Hakuna foleni humu," alisema. Kisha, bila kucheka: "Dada, mimi nataka kitu kimoja tu. Waseme nilikuwa nafanya kazi kwa nani. Dereva nikimshtaki nitachukua nini? Mito yake?"

Jumatatu, 5 Mei
Kesho anakuja afisa wa kazi. Mchana wote tumefanya mazoezi kama watoto wa shule wanaongoja mgeni. Dereva amevalishwa fulana ya kung'aa yenye neno MWAJIRI, wazo la Mkwe. Ikapatikana kubwa mno, inamfika magotini. Mimi nitasimama kwenye maboksi, mikono ndani ya mifuko ya aproni. "Usiitoe," alisema Mkwe. "Hata ukiwashwa pua."

"Na mstari utaendeshwa na nani?"

"Na mwajiri."

Mjomba aliniita pembeni. Ameshanyoa, pande zote mbili. Alisema mwakani atanifanya meneja wa uzalishaji, ila kwanza tumalize upuuzi huu kama familia. Alisema "upuuzi" akinyooshea kidole roli.

Jumanne, 6 Mei
Afisa wa kazi ni mama wa makamo mwenye mafua na mkoba wa kitambaa. Alikataa soda, akakataa kiti, akakataa kuanzia ofisini. Mkwe alimwandalia maelezo marefu. Afisa alimwambia atayasoma mashine zikizimwa, sasa anataka kuona kazi.

Mashine ziliwashwa. Maparachichi yakaanza kupita. Dereva alisimama katikati na fulana yake, mikono imelegea. Afisa alitazama kwa muda, akipenga kamasi, kisha akamsogelea na kumwambia kitu sikioni. Baadaye nilijua: alimwomba asimamishe mstari.

Dereva alipiga kelele. Hakuna aliyegeuka. Akapiga tena, akapunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani. Wanawake waliendelea kuchambua. Haukuwa ukaidi. Walikuwa hawamwoni. Mtu wa swichi alimwona, lakini kwake mikono inayopunga haina maana. Anayoijua ni ngumi, na anajua inatoka wapi. Alinitazama mimi.

Wa kwanza kumwona akinitazama alikuwa msichana wa kubandika stika, naye akanitazama. Kisha aliye kando yake. Kila aliyeona mwenzake amegeuka aligeuka, mpaka mstari mzima ukawa unanitazama, mikono yao ikiendelea kufanya kazi bila macho. Mwisho wa mkanda maboksi yalikuwa yamejaa, na maparachichi yalianza kuanguka sakafuni, moja moja, kisha kwa wingi. Daraja la kwanza yote. Mjomba alisogea nusu hatua. Mkwe alikuwa anatabasamu kuelekea mahali pasipo na mtu.

Afisa alifuata macho yao. Alivuka sakafu, akija kwangu, akiruka matunda, na kuniuliza karibu na sikio: "Wanakungoja wewe?"

Nimeandika shajara hii ili nisijidanganye, kwa hiyo naandika hivi: sikufikiria haki. Nilifikiria ule upumbavu. Mwanasheria mzima, mwenye kiwanda mzima, watu arobaini, na matunda mazuri yanapondeka chini ili mtu mmoja asitoe mkono mfukoni. Nikafikiria pia sauti ya Kicheko siku ile mashine zilipozimwa, akiniuliza kama ni mimi niliyesema. Nilikuwa nimeshamjibu mbele ya watu wote. Ningemjibu nini kingine sasa?

Nilitoa mkono, nikainua ngumi. Kila kitu kikasimama.

Katika ukimya ule afisa alipenga kamasi. "Asante," alisema. "Nani alimtuma yule dada kwenye roli siku ya ajali?"

"Mimi. Kwa mkono huu."

Kisha akamgeukia Dereva. "Na wewe, mwajiri, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Dereva alimtazama Mjomba, halafu mimi, halafu fulana yake. "Nilimpeleka bosi kunyoa."

"Bosi wa nani?"

"Wangu," alisema. "Wetu wote."

Kuna mtu alicheka kwenye mstari, kisha wote. Mkwe alijaribu kueleza tofauti kati ya kusimamia na kuratibu. Afisa alimwuliza kama anayo leso safi.

Jumatano, 7 Mei
Nimeondolewa kwenye mstari. Napima malori kwenye mizani. Mjomba hanisemeshi, maagizo yake ananiletea fundi. Mama anapika vya kumtosha yeye.

Jumanne, 13 Mei
Leo wamekuja kuniita mara nne nikasimamishe mstari. Msimamizi mpya ni Mkwe. Amechapisha mchoro wa ishara, akaubandika ukutani. Ngumi kaichora ikiwa chini.

Alhamisi, 29 Mei
Uamuzi umetoka. Vibarua wote arobaini wanahesabiwa waajiriwa wa kiwanda toka siku ya kwanza ya msimu. Matibabu ya Kicheko, fidia ya vidole na michango ya kila mmoja ni juu ya Mjomba. Uwakala umefutwa. Dereva alirudisha fulana ikiwa imefuliwa na kukunjwa, akaomba ufunguo wa gari.

"Hujachukia?" nilimwuliza.

"Nichukie nini? Nimekuwa tajiri miezi mitatu na sikupata hata usingizi. Kumbe ndiyo maana bosi ana sura ile."

Mjomba alilala siku mbili na shinikizo la damu. Mama alikwenda kumwuguza. Aliporudi alinitolea sahani, akaiweka kwa kishindo, lakini aliiweka.

Ijumaa, 6 Juni
Wamekuja wanunuzi wa nje. Kumbe nao, kwao, wana sheria zao: hawanunui tena kwa mtu ambaye hawajui wafanyakazi wake ni wa nani. Walipouliza, Mjomba hakusita. Alifungua mikono miwili kama anayewakaribisha harusini.

"Sisi hapa hatuna mambo ya mawakala," alisema. "Kila mfanyakazi tumemwajiri wenyewe. Ni msimamo wa kiwanda." Akamvuta Mkwe begani. "Kijana huyu ndiye aliyelibuni jambo hili."

Mkwe alibofya kalamu yake. Mkataba wa miaka miwili ulisainiwa kabla ya chakula cha mchana. Niliyasikia yote kutoka kwenye mizani, dirisha likiwa wazi. Kuna watu wakitupwa mtoni wanatoka na samaki mdomoni, wakisema waliingia kuvua.

Jumatatu, 16 Juni
Malori mawili tu. Msimu unakwisha.

Asubuhi nimerudishwa kwenye mstari, bila barua wala maelezo, fundi aliniambia, "Bosi anasema rudi ulipokuwa." Cheo cha meneja hakikutajwa, nami sikukitaja.

Saa nne Kicheko alirudi kazini. Daktari amesema mkono wa kushoto usiguse maji, kwa hiyo nimemkalisha kwenye kubandika stika, anatumia wa kulia. Alifika kimya. Baada ya muda wenzake walimwonyesha mchoro wa Mkwe ukutani, na nikaisikia ile kelele yake juu ya brashi na feni zote. Bado siipendi.

Mjomba alipita na wageni wa benki. Alimwona amekaa, wote wengine wamesimama, akaja moja kwa moja kwangu. Hajanisemesha toka tarehe sita ya mwezi uliopita, na aliyoyachagua kuvunjia ukimya ni haya:

"Yule aliyekaa pale ni wa nani?"

"Wako, Mjomba."

Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kofia ya nywele hadi bandeji. Kisha akawageukia wageni wake, akaendelea kuwaonyesha mashine.